Kikohozi Kwenye Wimbo wa Nne

Alinyanyua sindano ya santuri, akairudisha nyuma kidogo, akaishusha tena. Wimbo wa nne. Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni, ngoma zinagonga, halafu, mwanaye anapovuta pumzi kuingia kiitikio: khe, khe. Kisha kikohozi cha tatu, kirefu, chenye mluzi mwishoni.

"Vumbi," alijiambia. "Eee Mungu, liwe vumbi."

Kiwandani walimwita Masikio. Miaka kumi na tisa kazi yake ni hiyo moja: kukaa kwenye chumba cha vioo, spika masikioni, kusikiliza santuri za majaribio na kuandika kasoro kwenye kadi kabla mashine hazijafyatua mamia. Wenzake humtania kwamba anasikia hata mbu akipiga mwayo. Leo santuri ilikuwa ya mwanaye mwenyewe na wenzake watatu, bluzi iliyopigwa kwa hasira ya roki, wameirekodi katika gereji ya mjomba, katikati ya magari yasiyo na injini. Asubuhi aliingia kazini kifua mbele, akimwonyesha kila mtu jalada.

Kikohozi kile alikijua. Alilala nacho kitanda kimoja miaka miwili, mpaka kikamchukua baba wa mtoto. Naye alikuwa akisema hivyo hivyo: vumbi tu, mke wangu, vumbi tu. Walipofika hospitali daktari aliwauliza walikuwa wapi siku zote hizo. Na huyu mtoto amehama nyumbani, huu mwezi wa tatu, kila akipigiwa simu ana haraka. Kumbe!

Kazi ile ina utaratibu wake. Ukisikia kasoro, huandiki kitu kwanza. Unaweka nakala ya pili. Isiposikika, ni uchafu wa ile santuri moja, unaitupa. Ikisikika pale pale, basi imo ndani ya rekodi yenyewe, na hakuna kitambaa cha kuifuta.

Nakala ya pili ilikuwa imetoka mashineni safi, lakini aliipangusa mara tatu. Akashusha sindano. Akafumba macho, ngoma zikaja, gitaa likaja.

Khe, khe. Halafu cha tatu.

Msimamizi akasukuma mlango. "Bi Masikio, vipi huko? Vijana wako nje roho juu. Ipite?"

"Niletee nakala ya tatu."

"Ya tatu ya nini tena? Makubwa! Mwanao mwenyewe unambania?"

"Niletee tu, baba. Nakuomba."

Akaondoka akicheka. Nyuma ya kioo mwanaye alikuwa amesogea, amevaa koti la marehemu baba yake. Mwaka jana lilimbana mabegani, sasa linampwaya. Alimwinulia mama yake kidole gumba na nyusi zote mbili, akiuliza. Mama alikuwa anayatazama yale mabega.

Kijana akageuka upande, ngumi mdomoni. Kioo kile hakipitishi sauti. Mabega yakatikisika mara mbili, kidogo kidogo. Mama akashika ukingo wa meza, akangoja mara ya tatu. Ikaja.

Kijana alipomgeukia tena alikuwa anatabasamu, anajipangusa midomo, anamwambia neno. Lilikuwa neno fupi, na mama aliwahi kuliona kwenye midomo mingine.

Vumbi.

Akavua spika masikioni, akasimama, akauendea mlango. Juu ya meza santuri iliendelea kuzunguka, na kadi ilikuwa bado nyeupe.