Picha ya Majaribio

Katika parokia ile ya nje kidogo ya mji wa Pala, Kuruvila alikuwa amewapiga picha wafu karibu wote, na hakuna aliyewahi kulalamika. Huko mtu hazikwi mpaka ukoo mzima usimame kulizunguka jeneza na kupigwa picha. Watoto walioko Kuwait na Doha husubiriwa, maiti akiwa kwenye barafu, ili mradi wote waingie. Kuruvila ndiye aliyewapanga: wana upande wa kichwani, wakwe nyuma, wajukuu miguuni. Aliwaambia wainue kidogo kichwa cha jeneza, wafute machozi, watazame mbele. Kisha akabonyeza. Koo nyingi hazikuwa na picha nyingine ambayo wote walikuwa pamoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Aliyeona ajabu ni mama yake, Sosamma, ambaye nyumba nzima ilimwita Ammachi.

"Nyie mnanijia nikishafumba macho," alisema siku moja, akichambua fenesi kizingitini, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. "Mimi nataka picha macho yangu yakiwa wazi, na watoto wangu wote pembeni. Na wewe uwemo. Sikutaki mbele yangu kama askari wa barabarani."

"Nitaipiga, Ammachi. Ngoja nipate kamera mpya."

"Kwani hiyo imekufa?"

"Haijafa, imezeeka."

"Basi tumezeeka wote watatu. Tupige."

Kuruvila akacheka, akapita kwenda studio. Hakumwambia sababu yenyewe. Sukari ilikuwa imeanza kumtia ukungu machoni, na kamera yake ya zamani, nzito kama tofali, ilitaka mtu mwenye macho. Kwenye harusi ya mwisho aliyoipiga, sura ya bibi harusi ilitoka imefifia, shada la maua likatoka safi kabisa. Baba wa binti alizitandaza zile picha mezani mbele ya watu. "Mzee Kuruvila," alisema, "umetupiga sisi au umepiga moshi?" Watu walicheka. Naye alicheka nao, kisha hakulala.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchagua kamera. Alichagua asubuhi, akachagua jioni, akachagua akiwa kanisani. Kulikuwa na moja kubwa, ghali, ambayo wapiga picha wa mjini waliisifu sana. Kulikuwa na nyingine ndogo, nyepesi, ya bei nafuu. Zote mbili, hivyo ndivyo alivyosikia, zilikuwa na akili ya kutafuta macho ya mtu zenyewe na kuyashika, hata mtu akigeuka, hata mtoto akikimbia. Hilo ndilo lililomtoa mate.

"Chukua hiyo ndogo, Baba," bintiye Tinu alimwambia. Tinu ndiye aliyeshika kompyuta ya studio. "Pesa inayobaki weka kwenye lenzi ya sura. Sura inatengenezwa na lenzi na mwanga. Bodi ya kamera ni sanduku tu."

"Na nikinunua ndogo, mwezi ujao wakatoa iliyo bora zaidi?"

"Watatoa. Kila mwaka wanatoa. Sasa utanunua lini?"

Kuruvila akaendelea kuchagua.

Pasaka ikafika, na kwa bahati ambayo haikuwa imetokea kwa miaka mingi, wote walikuwa nyumbani: mdogo wake Pothen kutoka Kuwait, dada yao Lisamma kutoka Doha, na watoto wao. Baada ya kula, Ammachi aliingia chumbani, akatoka amevaa nguo zake nyeupe za kanisani, mtandio umebanwa begani kwa pini ya dhahabu, na masikioni ametia vile vipete vizito ambavyo wanawake wa rika lake tu ndio walikuwa bado wanavaa. Akaketi kwenye kiti cha henzirani barazani. Hakumwomba mtu kitu. Alikaa tu, mikono magotini, akangoja.

"Kaka, leta mtambo!" Pothen alipiga kelele. "Bibi harusi yuko tayari."

Kuruvila akaleta ile ya zamani. Akaiweka jichoni. Sura ya mama yake ikaja, ikapotea, ikaja na ukungu. Akazungusha lenzi. Akamsikia yule baba wa bibi harusi akiuliza habari za moshi. Akaishusha.

"Hapana," alisema. "Sikukuu ya Onam mnakuja tena, sivyo? Nitakuwa na kamera ya maana. Tutaipiga vizuri, mara moja tu, ikae ukutani."

"Kaka anachagua kamera kuliko alivyochagua mke," Pothen alisema, akatoa simu. "Ngoja mimi nimalize kazi."

"Weka hiyo!" Kuruvila alifoka kuliko alivyokusudia. "Picha ya ukutani haipigwi kwa simu. Mkiipiga ya simu leo, ile ya kweli haitapigwa kamwe."

Pothen akairudisha simu mfukoni, maana kaka mkubwa alikuwa bado kaka mkubwa. Lilikuwa jambo la kipuuzi, na Kuruvila mwenyewe alilijua hilo lilipokuwa likimtoka mdomoni. Lakini aibu ya fundi ina kiburi kibaya. Ammachi alikaa kidogo zaidi, kisha akainuka, akaingia ndani kuvua vipete vyake.

Wageni walipokwisha kurudi ughaibuni, Ammachi alikuwa na siku ya kuonana na daktari wa moyo mjini Kochi. Kuruvila na Tinu walimpeleka, na walipotoka hospitali, kwa kuwa duka la kamera lilikuwa njiani, wakapita. Ammachi alikuwa amevaa zile zile nguo nyeupe na vile vipete. Kwa daktari alikwenda kama anavyokwenda kanisani.

Muuzaji aliziweka mezani kamera zote mbili. Kuruvila alikuja na kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia picha, akaitia kwenye ile kubwa, akatazama huku na huku akitafuta sura ya kujaribia.

"Ammachi, simama hapo."

Akasimama pale, kati ya rundo la maboksi na karatasi nyekundu ya bei iliyobandikwa ukutani.

"Tazama hapa."

"Nimetazama."

Akabonyeza. Akahamishia kadi kwenye ile ndogo. "Tena, Ammachi. Usitikisike."

"Nitikisike niende wapi?"

Akabonyeza. Kisha akainamia kioo cha kamera, akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka likabaki jicho moja, likabaki ukingo wa jicho. "Tinu, njoo uone! Kope! Unaweza kuzihesabu!"

"Umeipata?" Ammachi aliuliza.

"Nini?"

"Picha yangu."

"Hapana, haya ni majaribio tu."

Ammachi akaegemea boksi. "Mimi sikujaribu," alisema. "Mimi nilikutazama kweli."

Kuruvila alimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Alikuwa anamuuliza muuzaji kama kuna nyingine mpya inayokuja, na muuzaji, kijana mkweli kupita kiasi, akasema zipo tetesi. Kwa hiyo hawakununua siku hiyo. Alinunua mvua zilipoanza, ile ndogo na lenzi ya sura, vile vile kama Tinu alivyosema tangu mwanzo. Akaiweka kabatini ndani ya boksi lake, ingoje Onam.

Ammachi hakuingoja Onam. Alifariki asubuhi moja ya mvua, uji wake ukiwa bado mezani, kabla hata hawajamwita daktari.

Pothen akaja, Lisamma akaja. Jeneza likawekwa uani chini ya turubai, mvua ikipiga juu yake. Mpiga picha wa parokia jirani alijitolea kusaidia, lakini Kuruvila akakataa. Akaitoa kamera mpya kwenye boksi. Akawapanga ndugu zake kama alivyowapanga ndugu za watu wengine maisha yake yote, akawaambia wainue kidogo kichwa cha jeneza, akaiweka kamera jichoni.

Mraba mdogo wa kijani ukatokea ndani ya kamera, ukashika jicho la Pothen. Akaielekeza kwa mama yake. Mraba ukaruka ukashika jicho la Lisamma. Akarudi tena. Ukaenda kwa mtoto mchanga wa mpwa wake, kwa mkwe, kwa padri aliyekuwa nyuma kabisa. Kamera ile ilikuwa imefundishwa kutafuta macho ya watu, na kwa Ammachi haikuona cha kushika. Ilimpita kana kwamba hayupo. Kulikuwa na kitufe cha kuizima akili hiyo, na Kuruvila alikuwa amesoma habari zake mara nyingi, ila vidole vilikataa kukumbuka.

"Kaka," Pothen alisema taratibu. "Mpe Tinu. Njoo huku."

Akampa Tinu. Akaenda kusimama kichwani pa jeneza, mahali pa mwana mkubwa, na kwa mara ya kwanza akawemo kwenye picha pamoja na mama yake. Aliambiwa afute machozi, atazame mbele. Alishindwa vyote viwili.

Baada ya mazishi ilitakiwa picha ya ukutani, ya kuvishwa shada la maua. Wakatafuta. Kwenye simu za wajukuu Ammachi alikuwemo nusu nusu: bega, mkono unaopakua wali, kisogo. Kwenye picha za harusi alikuwa amefumba macho, au amefunikwa na mtu mrefu. Studio nzima ya mwanawe ilikuwa na sura za watu wa tarafa yote, sura yake haikuwemo.

Tinu ndiye aliyeikumbuka ile kadi. Akaitia kwenye kompyuta, picha ya pili ikafunguka nzima. Kuruvila hakuwa ameiona nzima hata siku moja. Aliona kope tu. Sasa alimwona mama yake: amechoka, vipete vinang'aa, mdomo umekaa kama anayetaka kutania, na macho yako wazi, yanamtazama yeye. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya ndugu zake.

"Nzuri sana hii," Lisamma alisema, naye analia. "Hiyo ndiyo iwekwe."

"Ila Tinu, toa hayo maboksi," Pothen alisema. "Na hiyo karatasi ya bei. Weka hata anga."

Tinu akashika kipanya.

"Usiguse," Kuruvila alisema. "Iache kama ilivyo."

Ikatundikwa na maboksi yake na bei yake. Wageni wanaokuja kutoa pole huitazama, kisha huuliza ilipigwa wapi. Naye huwajibu bila kugeuza uso: "Dukani. Nilikuwa nachagua kamera."