Miaka ya Mtoto wa Mwisho

Fanueli mwenyewe ndiye aliyemleta wakala wa bima nyumbani kwake mjini Mpemba, na hilo peke yake lilimkaa Marita vibaya. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya Lusaka, mtu aliyekwepa hata mchango wa kikundi cha kuzikana. Leo bima ya maisha imemwingiaje?

Wakala, binti mpole aitwaye Angel, alieleza kwamba kiwango cha bima hakikisiwi. Unatazama nyumba inakula nini kwa mwaka, unaongeza ada, halafu unazidisha kwa miaka iliyobaki mpaka mtoto wa mwisho ajitegemee.

Alipouliza kuhusu mahindi, Fanueli akasema magunia tisa. Marita akainua macho. Ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye, na nyumba yake ya watoto watatu haikuwahi kuvuka magunia sita. Huenda mwanamume hajui tu.

"Na mtoto wa mwisho ana miaka mingapi?"

"Minne," Fanueli alisema. Kisha akakohoa. "Kumi na mmoja. Kefa ana kumi na mmoja."

Tarehe za kuzaliwa hakuijua hata moja. Kila mara alimgeukia mkewe, na Angel akamtania kwamba kina baba wote ndivyo walivyo. Akawaachia fomu, nafasi ya miaka ikiwa tupu, waijadili.

Alipoondoka, Marita aliingia stoo akasimama mbele ya gunia la mchele. Ulikuwa mchele wa Kamsamba. Fanueli husema anaununua njiani, lakini njia ya Lusaka haipiti Kamsamba. Kule anaishi Ruti, mjane wa Jofrey, mdogo wake Fanueli. Jofrey alipofariki, wazee walitaka Fanueli amrithi mjane. Marita alisimama palepale kikaoni akasema siku Ruti atakaporithiwa, yeye anarudi kwao Mbozi. Fanueli akaapa kwamba hatamrithi.

Akarudi sebuleni, akakaa.

"Baba Gwantwa, huyo wa miaka minne ni nani?"

Fanueli akasema ni Emanueli, mtoto wa marehemu Jofrey. Alikuwa akimpelekea mahindi kimyakimya, kuepusha ugomvi. Mtoto wa ndugu yake ni wake, alisema, hata Marita anajua hivyo.

Marita alijua. Kwao hakuna anayebishia jambo hilo, na alitamani sana liishie hapo.

"Alizaliwa lini?"

"Tarehe tisa mwezi wa pili," Fanueli akajibu papo hapo, na mwaka akautaja.

Safari hii hakumgeukia mtu.

Jofrey walimzika mwezi wa tatu, mwaka uliotangulia. Marita akahesabu kwa vidole. Akarudia taratibu, asije akamwonea mtu. Miezi kumi na mmoja.

Fanueli aliviona vile vidole, akainamisha kichwa.

Marita akavuta fomu. Kwenye nafasi ya miaka akaandika kumi na minne, ile iliyobaki mpaka mtoto wa miaka minne afikishe kumi na minane.

"Mtoto ale," alisema kwa sauti ya chini. "Ila gunia la mchele tunalirudisha kesho kwa mwenyewe, Kamsamba. Wewe utalibeba, na mimi nitakuwepo."