Mama Mnara

Jumanne asubuhi, saa tatu hivi, fundi cherehani alikuwa barazani kwake akimpunguzia nesi wa zahanati koti kiunoni, simu ya nesi ilipoanza kulia mfululizo. Zilikuwa jumbe za miezi miwili, zimeingia zote kwa mkupuo. Nesi akarudi nyuma hatua kumi, akasogea mbele, akamzunguka fundi mara mbili.

"Mama, mtandao unatoka kwako."

"Basi simama wima," fundi akajibu. "Pini zitakuchoma."

Kijiji kilikuwa kimeahidiwa mnara wa simu kwa miaka kumi na mmoja. Shimo la msingi lilichimbwa, likaota majani, mbuzi wawili wakavunjika miguu humo. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kitu kilichosubiriwa muda wote huo kilikuwa hakina budi kutokea mahali fulani. Kufikia Ijumaa watu walishajua vipimo: fundi akiketi, hatua mia mbili kila upande, akisimama, mpaka shuleni, akilala, hakuna kitu. Mwenyewe alisikia meno yakimuuma kidogo, na jioni miguu ikimvimba. Simu yake haikushika mtandao hata siku moja. Mganga hajigangi.

Wakamwita Mama Mnara. Walimu wakaandikisha watahiniwa barazani kwake, nesi akaagiza dawa, wake wakagombana na waume walio mbali, naye akawa anajua siri za watu kuliko kuta za nyumba zao. Mwenyekiti wa kijiji akamjengea jukwaa la mbao la kimo cha mtu, cherehani ikapandishwa juu. Aliposinzia mchana, waligonga nguzo taratibu.

"Samahani, Mama. Imekata."

Mwezi wa tatu tangu hapo kampuni ya simu ikamtuma mtaalamu wake. Kijana akapanda ngazi, akamwamkia kwa adabu, akampima kwa kidude chake mgongoni na kwapani.

"Nguvu nzuri," akasema, akaandika kwenye fomu: *Kijiji kimefikiwa.*

"Na mnara wetu?" mwenyekiti akauliza.

"Mnara wa nini tena, mzee? Mnao."

"Basi bei ya vifurushi itashuka."

"Itapanda kidogo. Kuwafikia watu wa vijijini ni gharama."

Gharama yenyewe, kule juu, iliomba maji ya kunywa.

Mama Mnara alikuwa na binti mmoja tu, aliyeolewa mjini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mume yuko safarini, mimba ina miezi minane. Binti akapiga simu ya nesi, nesi akaipandisha jukwaani.

"Mama, presha imepanda. Daktari kasema nisiinuke kitandani. Sina hata wa kunichemshia uji."

"Nakuja, mwanangu."

Mwenyekiti alimkuta akifunga mzigo. "Hatukukatazi, Mama. Lakini binti ni mmoja, sisi ni mia tisa."

"Basi nyie mia tisa nendeni mkamchemshie uji."

Mwenyekiti akambebea mzigo mpaka kituoni.

Basi lilipoingia mjini, meno yakaacha kuuma. Mtandao kule ulikuwa tele kama vumbi, hakuna aliyemhitaji kwa hilo. Alipika, akamkanda binti miguu, akalala chali kadiri alivyotaka. Siku ya nne nesi akabisha hodi, nyusi zimejaa vumbi.

"Si ungepiga simu tu?" binti akasema.

Nesi akajipangusa uso. Akakaa chini.

"Mke wa kinyozi alishikwa na uchungu juzi. Mtoto amekaa vibaya. Gari la wagonjwa linaitwa kwa simu, simu hakuna. Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabara kuu."

"Na ikawaje?" Mama Mnara akauliza.

"Mama yuko hai."

Binti akashika tumbo lake.

"Si kosa lako, Mama," binti akasema.

"Najua. Lakini mwenye kosa hana meno ya kumuuma."

Alfajiri akamwacha binti mikononi mwa jirani, akarudi na nesi. Mke wa kinyozi alikuwa ameketi mlangoni kwao basi lilipowashusha. Akampa Mama Mnara kiti, wakakaa pamoja mpaka jua likazama. Kisha Mama Mnara akapanda jukwaani, meno yakaanza.

Wiki iliyofuata kampuni ilimpigilia ukutani kibao cha bati chenye namba na onyo la kutomsogeza.

Mjukuu alizaliwa Jumapili, salama, na picha yake ikaja kwenye simu ya nesi. Ilifunguka polepole, kuanzia utosini, kwa kuwa bibi alikuwa amechoka. Ilipofika machoni ikasimama. Bibi naye akasimama, mikono kiunoni, picha ikashuka mpaka puani. Hapo kifurushi kikaisha.

"Amefanana na nani?" mwenyekiti akauliza kutoka chini, alikokuwa akisubiri zamu yake.

"Bado hajafika," Mama Mnara akasema, akavuta kiti akaketi.