Kuni za Lazaro

Bendi ya watoto wa Helena, pale Kihesa, ilikuwa ikitunga santuri nzima ya habari za Lazaro. Lea alitakiwa kulia msiba, lakini machozi yaligoma.

“Mlilie Marcelino, basi!” kaka yake Philbert akatania, akimwonyesha ndugu yao huyo aliyeketi kando.

Helena akatoka jikoni mbio. “Wanangu, mwenzenu yu hai!”

“Nyimbo tu hizi, mama,” Marcelino akacheka, akajilaza mkekani na kujifunika shuka.

Lea akaliita jina la Marcelino, akalia kwelikweli, mpaka majirani wakaja na kuni za msiba vichwani. Walipoambiwa ni mazoezi, wakazitua mlangoni.

“Rudini nazo, jamani,” Helena akawasihi.

“Za msiba haturudi nazo, mama.”

Asubuhi Marcelino alipanda lori kwenda Mbeya kurekodi. Helena hakuthubutu kuzichochea kuni zile hata kwa chai.