Kitabu Kimoja, Watoto Wanane

Mwalimu Hiram Gicheru alikuwa na kitabu kimoja cha kusomea, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukishika. Haya, msimcheke. Mwaka huo wa 1937, shule yake kule upande wa Kachibora haikuwa na misheni ya kuishika mkono. Wazazi, vibarua wa mashamba ya wazungu, wengine wametoka Nyeri na wengine Bungoma, waliijenga wenyewe kwa miti na udongo baada ya kuchoka kuambiwa kwingine kwamba nafasi zimejaa. Watoto walifika asubuhi na mapema, wakasoma mpaka saa sita, kisha wakaenda kupalilia mahindi. Kitabu kikipasuka, kingine kingetoka wapi?

Basi Hiram alikiweka katikati ya meza juu ya kitambaa cheupe, na watoto wanane wa darasa la pili wakaizunguka meza. Yeye tu ndiye aliyefunua kurasa. Kila mtoto alikuwa na kiti chake tangu Januari, na ole wako ukalie cha mwenzako. Nasambu, binti wa Wabwile mkamua ng'ombe, alikaa upande wa pili, akitazamana na mwalimu. Alikuwa na miaka tisa na hakuwa na maneno mengi, lakini ukimwonyesha mstari wowote kwa kijiti, aliusoma bila kukwama. Hiram alijivunia mtoto huyo waziwazi, mpaka wazazi wengine wakanuna.

Ndipo barua ikaja kutoka Kitale. Mkaguzi angefika Alhamisi kulipima darasa la pili, na shule ambayo darasa hilo halijui kusoma ingefungwa. Siku tatu Hiram hakula vizuri.

"Kula, Baba Munene," mkewe Nyaruai alimwambia. "Watoto wanajua. Si ni wewe umewasomesha?"

"Wanajua, ndiyo," Hiram alijibu, akausukuma ugali pembeni.

Alhamisi mkaguzi alifika kwa baiskeli. Aliitwa Bwana Khaemba, mtu wa Bungoma aliyesomea misheni na ambaye hakutaka mtu yeyote asahau jambo hilo. Alikaa kwenye kiti cha Hiram bila kukaribishwa, akatoa karatasi na kalamu ya wino. Ripoti ingeandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu wazee wa kamati ya shule, wawili waliokuwa wameketi kwenye benchi ukutani, walipaswa kusomewa papo hapo na kuweka dole gumba.

Alimpa kitabu Wilkista, aliyezoea kukaa karibu na mwalimu. Wilkista akasoma vizuri, na Hiram akapumua. Wa pili alikuwa Munene, mtoto wa Hiram mwenyewe. Munene alikipokea kitabu, akakilaza ubavu, akaanza kusoma. Khaemba akakinyoosha. Munene akakwama neno la kwanza.

"Na wewe pale," Khaemba akasema.

Nasambu alikipokea kwa mikono miwili, maana hakuwa amewahi kukishika. Akakitazama, akakunja uso. Kisha akakigeuza juu chini na kusoma ukurasa mzima, bila kukwama hata mara moja.

"Aa! Basi, basi!" Khaemba alimnyang'anya kitabu. "Mwalimu, hii ni mchezo gani? Umewakaririsha kama kasuku. Mtoto hajui hata kitabu kinashikwa namna gani, ati anasoma!"

Hiram alivitazama viti vinane, kimoja kimoja, halafu akalitazama lile pengo la kitabu katikati ya meza. Mungu wangu! Wilkista upande huu, Munene ubavuni, Nasambu upande ule. Miezi minane yote mtoto huyu alikuwa akizisoma herufi zikiwa kichwa chini, na ni yeye Hiram aliyemkalisha pale. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Bwana Khaemba, kosa ni langu. Wanajua kusoma, ni vile viti..."

"Viti! Sasa viti ndiyo imekosa?" Khaemba alicheka, akainamia karatasi na kuanza kuandika. Wazee walitazama chini. Mmoja wao alikuwa amebeba kila mti wa ukuta ule begani mwake.

Nasambu alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Karatasi ilikuwa pale pale kilipokuwa kitabu siku zote, na mwandiko wa Khaemba ulikuwa wa misheni, herufi safi zilizoachana. Mtoto akafanya alichozoea kufanya mahali pale.

"Wa-to-to wa-me-ka-ri-ri," alisoma. "Ha-wa-ju-i ku-so-ma. Shu-le i-fu-ngwe."

Kalamu ikasimama.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Si imeandikwa hapo," Nasambu alisema kwa woga.

Khaemba alimtazama Nasambu, akaitazama karatasi, kisha akamtazama Hiram aliyesimama mikono imelegea. Mwishowe akakata mistari ile yote, akaandika mingine chini yake, polepole, herufi kubwa kubwa.

"Haya, soma," akasema. "Wazee wasikie."

"Watoto wanajua kusoma. Shule i-ba-ki wazi. I-pe-we vitabu." Nasambu akasita, akamwangalia mwalimu wake.

"Maliza."

"Mwalimu a-wa-ha-mi-she viti."

Wazee waliangua kicheko, mmoja akijipangusa macho kwa ukingo wa koti. Hiram naye alicheka, huku machozi yakimtoka bila kuyaficha. Akakichukua kitabu kwenye magoti ya mkaguzi, akazunguka meza mpaka upande ule wa pili, akamwekea Nasambu mikononi.

"Kaa nacho," akamwambia. "Leo utaenda nacho nyumbani."