Ntibashima, Mbwa wa Mutaho

Nilikwenda kugomba, nikarudi na mbwa.

Nilikuwa Gitega, mtaa wa Yoba, kwa dada yangu Ursula aliyekuwa amejifungua. Nyuma ya ukuta wake mbwa zaidi ya kumi walibweka tangu alfajiri, mtoto analia, mimi nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ya tatu nikajifunga kitenge, nikaenda kumpa mwenye mbwa maneno yake.

Mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu aitwaye Salama, glavu hadi viwikoni, ndoo ya uji mkononi. Marehemu mumewe alikuwa daktari wa mifugo. Watu walimletea mbwa wasiowataka, na alipofariki hawakuacha kuleta.

"Mama, hata mi najua zinapiga kelele," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kila mujirani ananisema. Sasa we unataka nizitupe wapi?"

Nikageuka niondoke, ndipo nikamwona mmoja asiyebweka. Alilala uso ukitazama ukuta, ulimwengu wote ameupa mgongo. Mdomo mweupe kwa uzee, jicho moja lina ukungu, na shingoni duara la ngozi tupu palipokaa mnyororo.

"Ile iko muzee," Salama akasema. "Alikuwa ya muchuuzi moja wa Mutaho. Bwana yake alihama, akamuacha na munyororo, siku tano bila maji. Franchement, kusema kweli, hakuna mutu atamuchukua. Jina yake Ntibashima. Ukimuita ingine, hageuki."

Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipopandishwa malori kutoka kambini Tanzania kurudi Burundi. Mbwa wetu alikimbia nyuma ya lori hadi vumbi likamficha, na sikuwahi kumwambia mtu jinsi jambo lile lilivyoniuma.

"Namchukua," nikasema, kwa ukali kana kwamba Salama amenikatalia.

Lori la mkaa hadi Muyinga, baiskeli hadi kwetu Buhinyuza, mbwa ndani ya tenga. Mume wangu Damiano alimtazama, akanitazama. "Nilidhani utaleta sabuni," akasema.

Siku mbili nilikuwa na furaha. Mbwa alikula ugali wa muhogo niliomlainishia, akanifuata shambani, na alipopotelea kwenye maharage nilisimama juu ya tuta nikaita kwa nguvu zangu zote: "Ntibashima! Ntibashima!" Kilima kizima kilisikia.

Siku ya tatu jirani yetu Ignasi hakuitikia salamu yangu. Huyu ndiye aliyelima shamba letu miaka yote tuliyokuwa ukimbizini. Tuliporudi tuligombana naye wee, hadi mwezi uliopita wazee wa kilima walipotupatanisha. Akaturudishia nusu, tukapanda pamoja miti ya mpaka, tukanywa pombe ya ndizi kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Sasa ananipita kama kisiki. Siku ya nne alipata mbwa mchanga, nikamsikia akimwita kutoka kwake, taratibu, kila silabi mahali pake: "Turabizi!"

Damiano aliweka jembe chini. "Anisia, unajua umefanya nini? Nimeulizwa kisimani tuna kinyongo gani na Ignasi. Huku mtu akiwa na kinyongo na jirani hamtukani. Anampa mbwa jina, halafu anamwita. Ignasi ameturudishia shamba, nawe unasimama mpakani unampigia kelele 'Ntibashima', kwamba hawana shukrani! Naye amekujibu 'Turabizi': tunalijua hilo."

Maana ya maneno niliijua, Kirundi tulikisema hata kambini. Lakini huko mbwa wetu waliitwa Simba na Popi, na hakuna aliyenifundisha kwamba mbwa ni barua.

"Abadilishwe jina au arudi Gitega," Damiano akasema. "Mimi sirudi mbele ya wazee kwa ajili ya mbwa kibogoyo. Nakupa hadi Jumapili."

Nikajaribu. Simba, Popi, Bosi, Babu. Mbwa akatazama ukuta. Jina lake nikawa namnong'oneza sikioni, na akipotea namkimbilia badala ya kumwita. Hakukaliki, hakulaliki. Nilisugua sufuria zilizokuwa safi.

Jumamosi alasiri mvua ilishuka na radi moja kubwa, na mbwa hayupo. Niliteremka hadi bondeni, nikapita kwenye migomba nikinong'ona jina lake. Mbwa nusu kiziwi, mimi nanong'ona! Mto ulikuwa unajaa. Nilijua nikipaza sauti mara moja nitampata, na Damiano na Ignasi watarudi kwenye ugomvi ule ule. Nilifungua mdomo mara tatu, nikaufunga mara tatu. Kisha nikapanda mlima mbio, si kwetu, kwa Ignasi.

Alikuwa barazani akipukuchua mahindi. Hata salamu sikutoa.

"Jina sikumpa mimi, mzee. Amekuja nalo kutoka kwa mchuuzi wa Mutaho. Nimekulia kambini, desturi hii sikuijua, nisamehe. Mbwa amepotea bondeni na mto unajaa, na siwezi kumwita bila kukutukana!"

Ignasi hakuinua macho. "Huyo wa Mutaho alikuwa anamuambia nani?"

"Sijui. Alihama, akamwacha kwenye mnyororo."

Alipukuchua gunzi lile hadi punje ya mwisho. Nilitamani kumpokonya. Kisha akasimama, akatoka kwenye mvua kichwa wazi hadi kwenye miti ya mpaka, akaweka viganja mdomoni.

"Ntibashima!"

Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya pili. Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na matete kule chini yakatikisika. Mbwa alipanda polepole, tope hadi masikioni, akipumzika kila hatua chache. Hakuja kwangu. Alimwendea mwenye sauti, akalala miguuni pake. Niliona wivu, kusema kweli, kisha nikaanza kulia.

"Mubebe, anatetemeka," Ignasi akasema. Nilipomwinua aliongeza, bila kunitazama: "Na kesho umuite mwenyewe, mama. Kwa nguvu, nisikie hata nikiwa ndani. Siku nitaona umenyamaza, ndiyo nitajua iko neno moyoni yako."