Dakika Saba za Kubadilisha Treni

1.

na treni ikaondoka.

Mzee Elinami alikuwa bado anashindilia begi la pili kwenye rafu, mlango kaupa mgongo, alipohisi sakafu inajivuta chini ya miguu yake. Akageuka. Binti yake Aikaeli amekaa. Mkwewe Rogath anavua kofia. Kiti cha nne, cha Ndeshukurwa, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na mmoja, kilikuwa

2.

"Mama si alikuwa na wewe, baba?"

"Mimi nimebeba mabegi. Alikuwa na wewe."

"Nilijua yuko na wewe."

3.

Dirishani, jukwaa linarudi nyuma. Mwanamke mwenye koti la zambarau la kuazima amefika ngazi ya mwisho. Kashika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Hapungi mkono. Anatazama tu, kama mtu anayehesabu mabehewa.

4.

Kundi la familia kwenye simu, wiki sita kabla. Anaandika Rogath, injinia, mwaka wa kumi Ulaya. Likizo hii ya kuteleza kwenye theluji ni wazo lake.

*Wazazi wetu wapendwa. Kutoka kwetu mjini hadi hoteli ya mlimani kuna njia tatu. Pigeni kura.*

*A. Basi la hoteli. Mlango hadi mlango, saa tano. Hakuna cha kuona.*

*B. Treni. Kubadilisha mara tatu, dakika saba kila kituo. Mandhari yake hamjawahi kuyaona.*

*C. Gari la kukodi, na minyororo ya matairi. Nitaendesha mimi.*

Rogath: B.

Aikaeli: B.

Elinami: Nani kati yetu anakwenda polepole kuliko wote? Huyo ndiye achague.

Rogath: Si wewe mwenyewe, baba. (Nyuso tatu zinazolia kwa kicheko.)

Ndeshukurwa: (Kidole gumba.)

5.

Goti.

Lilivimba tangu mavuno ya kahawa. Usiku analikanda kwa maji ya moto, mchana analifunga kitambaa chini ya khanga. Na wewe unayesoma usiniulize kwa nini hakusema. Angemwambia nani? Aliyepanga safari ni mkwewe, na Ndeshukurwa alilelewa kwamba mama mkwe hana magoti. Ana salamu, ana chakula, ana dua. Magoti hana. Siku mbili alizokaa nyumbani kwa binti yake alishinda kwenye kochi, wakasema ni uchovu wa ndege.

Kidole gumba kina heshima. Hakielezi kitu.

6.

TANGAZO KWA ABIRIA

Lifti ya jukwaa namba 3 haifanyi kazi. Tafadhali tumia ngazi. Abiria anayehitaji msaada atatakiwa kutoa taarifa saa ishirini na nne kabla ya safari. Msaada hautatolewa kwa abiria ambaye hakuombewa. Tunawatakia safari njema.

7.

"Simamisha hii kitu," alisema Elinami.

"Baba, kaa kwanza. Treni haisimami kwa ajili ya mtu mmoja."

"Mlima mzima ulikuwa unasimama kwa ajili ya mtu mmoja. Nimeusimamisha mimi. Watu kumi na wanne na wapagazi wao, wanasubiri kibibi kimoja kitapike kimalize."

"Kule ni kule, baba. Mpigie mama, ashike treni inayofuata."

Aikaeli akapiga. Simu ya mama yake ikalia juu ya vichwa vyao, ndani ya begi, kwenye rafu.

Ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Injinia," alisema Elinami, "dakika saba ulizipima kwa miguu ya nani?"

Rogath alitazama mandhari.

8.

Maswali ambayo Elinami aliwauliza wageni kila jioni, miaka thelathini na mmoja ya kuongoza watu mlimani, kabla hajaonja uji wake mwenyewe:

Kichwa kinauma?
Umekula?
Umekojoa?
Vua viatu nione.

9.

Na bado alitangulia yeye. Hilo ndilo lililomchoma, kuliko Rogath na mandhari yake. Kabla ya kuwa kiongozi alikuwa mpagazi miaka tisa, na mpagazi hutangulia, ili mgeni akute hema limesimama. Kiongozi ndiye anayebaki nyuma pamoja na yule anayechechemea. Pale chini ya ngazi alijitwika begi moja begani na jingine mkononi, miguu ikakumbuka ujana wake, ikapanda bila kumuuliza.

Mpumbavu.

Alishuka kituo kilichofuata, peke yake, na begi lenye simu. Aikaeli alisimama amfuate, mlango ukamfungia.

10.

Treni ya kurudi ilipomfikisha, hakumkuta mkewe jukwaani. Alimkuta kwenye chumba chenye moto, ndani ya kiti cha magurudumu, mguu umenyooshwa, kitambaa kimefunguliwa. Goti lilikuwa kama papai.

"Tangu lini?"

"Tangu kahawa."

"Na umekaa kimya. Unalala ubavuni mwangu na umekaa kimya. Kwenye simu niliuliza, nani anakwenda polepole. Niliuliza watu wote."

"Ulikuwa umekaa upande wa pili wa meko, Elinami. Hatua tatu. Ukaniuliza kwa simu."

Elinami akaliweka begi chini.

"Ningekuwa mzungu," alisema Ndeshukurwa, "ungenivua viatu."

Alipiga magoti avivue. Ndeshukurwa akauvuta mguu wake, taratibu, akauweka

11.

Rogath aliteleza siku sita. Alianguka mara moja, hakuumia.

Aikaeli aliwarudia wazazi wake jioni ile ile, na ufunguo wa nyumba. Hakuteleza kabisa. Ametoka kwenye kundi la familia la simu.

Begi la Rogath lenye glavu lilisahaulika jukwaani wakati wa kubadilisha treni na halikupatikana.

Ndeshukurwa alipasuliwa goti mwezi wa tatu. Anatembea bila fimbo. Yuko Machame kwa dada yake.

Elinami yuko Marangu, nyumbani. Amemfuata mara mbili. Mara ya kwanza alikuta amekwenda kanisani. Mara ya pili walikunywa chai. Alimuuliza goti linaendeleaje, akajibiwa linaendelea vizuri, akaongezewa chai.

Hajarudi.